Vichwa vya Kuhesabiwa

Nitaanza na gari lake, kwa sababu ndani ya gari lile ndimo nilimopakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, tena nikiwa nimefunga mkanda.

Mwalimu mkuu wetu alinipitia kila asubuhi kwenye kituo cha mafuta karibu na ghorofa ninalokaa, Doornfontein. Yeye alitokea kaskazini mwa jiji, mimi nilikuwa njiani, na shule yetu ilikuwa mbali kusini, kule ambako Johannesburg inachoka kuwa jiji na kuanza kuwa mabanda ya kuku, vitalu vya maua na mashamba ya mahindi yenye uzio wa seng'enge. Watu wote walikuwa wanakimbilia mjini, sisi wawili tunautoroka mji. Alikuja na chupa ya chai ya rooibos na vikombe viwili. Mimi mtu wa Tanga, niliyelelewa kwa chai ya maziwa na hiliki, nilikunywa maji yake mekundu miaka yote ile na nikamsifia. Kama hiyo siyo mapenzi, sijui mapenzi ni nini.

Ndiyo, nilimpenda. Alinichukua wakati nimemaliza masomo Braamfontein, nina cheti kizuri na hakuna anayenitaka. Alijua nikiwa na homa, alijua nikigombana na dada yangu kwenye simu. Shuleni sote tulimwita Mem, lakini ndani ya gari aliniita dada, na mimi nikajiona nimepata ndugu ugenini.

Wilaya yetu ya elimu ilikuwa na ofisi Marshalltown, ghorofa za juu, lifti inayofanya kazi ikijisikia. Maafisa walishughulika na shule kubwa za mjini. Sisi wa mashambani tulikuwa shule chache zilizotawanyika kwenye barabara za vumbi, na tuligawana kila kitu: afisa mmoja, basi moja la watoto, fundi bomba mmoja, na sanduku moja la bati lenye vifaa vya sayansi lililozunguka shule hadi shule. Likifika kwetu, hadubini imeshapoteza kioo na sumaku zimeshachukuliwa na wajanja. Niliwafundisha watoto hadubini kwa kuwaonyesha mahali ambapo kioo kingekuwepo.

Mimi nilikuwa na darasa la nne na la tano katika chumba kimoja. La nne walitazama ukuta wa mashariki, la tano ukuta wa magharibi, na mimi nilitembea katikati kama mpishi mwenye masufuria mawili jikoni. Mtoto wa la nne mwenye masikio mepesi alisoma madarasa mawili kwa mwaka mmoja, na wengine walikuwa wananisahihishia wale wa la tano bila kugeuka.

Sasa, shule kama hiyo inaishi kwa siku moja. Kila mwanzo wa mwaka, watoto wakishatulia, inafika siku ya kuhesabu vichwa. Idadi ya siku hiyo ndiyo inayoamua mwaka mzima: walimu wangapi, chakula kiasi gani, basi lipo au halipo, na kwa vishule vyetu, kama mlango utabaki wazi au watoto watahamishiwa kwa jirani. Mtoto akizimia kesho yake si kitu. Muhimu siku ile asimame kwenye mstari.

Mwaka ninaousema, banda kubwa la kuku lilifungwa na wafanyakazi wakaondoka na watoto wao. Madawati yalibaki wazi hata kipofu angeyaona. Mimi ndiye niliyeajiriwa mwisho, tena kwa mkataba, kwa hiyo kama kuna wa kupunguzwa, alikuwa mimi. Mem hakunificha. Tuliongelea hilo asubuhi baada ya asubuhi, mpaka siku moja pale kituo cha mafuta alipowaona watoto waliokaa kwenye ngazi za ghorofa letu.

"Wale kwa nini hawako shule?" akauliza.

Nikamweleza. Wengi ni Wakongo, wengine Warundi, wengine wa kwetu Dar. Sheria inasema mtoto yeyote asome, lakini yule mama wa dirishani kwenye shule za mjini anaanza kwa kuuliza karatasi, na ukimwambia sheria anasema pamejaa.  Tulipofika roboti ya pili, yaani taa za barabarani kwa lugha ya huku, Mem akaniuliza basi letu linalala wapi.

Basi lile lilikuwa mali ya mtu wa mjini, na lililala katika uwanja wa magereji nyuma ya mtaa wetu. Kila alfajiri lilitoka kwenda kuwakusanya watoto wa mashambani.

"Linatoka tupu, dada," akasema, akapiga usukani. "Eish! Kila siku ya Mungu linatoka tupu!"

Nami nikacheka naye. Niliona mambo mawili yanatibiwa kwa dawa moja, na niliona ni kazi ya utu.

Mtu wa kwanza kumwendea alikuwa jirani yangu wa mlango wa mbele, mshonaji kutoka Bukavu. Binti yake, wa miaka kumi hivi, alikuwa amekaa nyumbani mwaka mzima uliopita. Mama yake alikata mitindo ya nguo kwa magazeti ya zamani, na mtoto alikaa chini ya meza ya kukatia akiyasoma kwa sauti. Alijua matangazo ya magari yaliyotumika na ya mazishi, na alijua kutamka majina ya mawaziri kuliko mimi.

"Shule ya mashambani?" mama yake alisema bila kuacha kukanyaga cherehani. "Mwalimu, mimi nilikimbia mashamba. Sasa mutoto yangu arudie kule?"

"Mama, huku mjini wanakuuliza karatasi."

"Karatasi ilibakia ku nyumba yenye iliungua. Nilishabaambia." Akasimamisha cherehani. "Na huyu Mem yako, iko namna gani? Hatatufukuza kisha?"

Nilimwambia aje amwone mwenyewe. Na kweli Mem alikuja, Jumamosi. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, akakaa juu ya robota la vitambaa, wazazi wamejaa mpaka kwenye korido. Akasema, na mimi nikatafsiri sentensi kwa sentensi, kwamba watoto hawa ni wake sasa, kwamba basi litawachukua na kuwarudisha, kwamba hatauliza karatasi wala leo wala kesho, mpaka wamalize darasa la saba. Mzee mmoja wa Unguja akauliza kama watoto watalishwa nguruwe. Mem akaapa kwamba jikoni kwake ni maharage, ugali na samaki wa kopo tu. Watu wakacheka. Ahadi zote zile ziliingia masikioni mwao kwa sauti yangu, kwa Kiswahili changu cha Tanga, na mpaka leo hilo ndilo linaloniwasha.

Jirani yangu akashona sare za watoto wote kwa vipande vilivyobaki. Sketi zilitofautiana rangi kidogo ukizitazama juani, lakini mishono ilikuwa ya mtu anayejua kazi. Watoto wakajaza viti vya nyuma vya basi. Wiki ya kwanza walitapika, hawakuzoea barabara ya vumbi. Wiki ya pili walikuwa wanajua majina ya mbwa wa kila shamba.

Binti wa jirani nilimweka la tano, ukuta wa magharibi. Mtoto huyu ukimwandikia hesabu ubaoni alikuwa anatabasamu kwanza, ndipo anaandika jibu. Wenzake walimwonea wivu siku mbili, kisha wakaanza kukaa karibu naye. Nilikuwa na furaha ya ajabu. Mwalimu anapata mtoto kama yule mara chache, na mimi nilikuwa nimemwokota chini ya meza.

Siku ya vichwa ilifika. Afisa alikuja na gari la serikali, viatu vyake vyeusi vikageuka vyekundu kwa vumbi kabla hajafika ofisini. Watoto wakapangwa uwanjani, na yeye akapita akigusa kila bega kwa kalamu. Alipomfikia yule binti alimwuliza anaitwa nani, naye akajibu kwa Kiingereza kizuri, kidevu juu. Afisa akaandika akapita. Alipoondoka, mpishi alipiga vigelegele na Mem akanikumbatia nyuma ya jiko mpaka kitambaa kikanitoka kichwani. Shule imepona. Kazi yangu imepona. Watoto wamepata pa kusoma. Nilimshukuru Mungu na yeye kwa pumzi moja, na Mungu anisamehe kwa kuwachanganya.

Siku chache baadaye, alfajiri, Mem akanipigia simu kwamba ana kikao, niende na teksi, ndizo daladala za huku. Nikashuka. Watoto walikuwa wamesimama kwenye kona yao, mikoba mgongoni. Basi likatoka uwanjani, likaja, likapita.

Walidhani dereva amesahau. Wakalikimbilia, wakubwa mbele na wadogo nyuma, mikoba inaruka, mpaka roboti. Roboti ilikuwa nyekundu, basi likasimama. Wakagonga mlango. Wakamwita dereva kwa jina, wakicheka bado, maana walikuwa wamezoea kutaniana naye. Yule mwanaume alikaza macho mbele kama anayesoma kitu kwenye kioo. Roboti ikawa kijani akaondoka. Watoto wakageuka kunitazama mimi.

Nilifika shuleni nikiwa nimechelewa na nimevurugika. Gari la Mem lilikuwa uani. Hakukuwa na kikao. Nilimkuta ofisini anakunywa chai yake.

"Mem, basi limewaacha watoto."

"Wilaya inalipia basi kwa watoto wa mashambani," akasema. "Hawa wa mjini wakiumia njiani nitajibu nini?"

"Hukulijua hilo ulipokaa juu ya robota?"

Akaweka kikombe chini. Akasema kwa upole, na upole ule ulinikera kuliko kama angenitukana: "Hakuna aliyewafukuza, dada. Madawati yao yapo, majina yao yapo. Wakija watapokelewa. Ni suala la usafiri tu."

Suala la usafiri tu! Mtoto wa miaka kumi atoke Doornfontein, apande teksi mbili na kutembea barabara ya vumbi, kwa nauli ya mzazi anayeshona mifuko ya sketi. Nilitaka kulia na nilitaka kupasua kitu. Dereva ndiye aliyenieleza yaliyobaki, wakati wa chakula, akiona haya. Wilaya haikuwa imelalamika. Wazazi wa mashambani walikuwa wameanza kunung'unika kwamba shule inajazwa wageni, na uchaguzi wa kamati ya shule ulikuwa karibu. Mem mwenyewe alimwambia mwenye basi asisimame tena kwetu. Vichwa vilikuwa vimeshahesabiwa.

Niliporudi ofisini kumwuliza kama ni kweli, hakukana. Aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayemsikiliza mgonjwa.

"Na wewe una kazi, sivyo?" akasema. "Nilifanya vile kwa ajili yako pia."

Tangu siku hiyo sikupanda gari lake. Nilianza kuamka mapema zaidi, teksi mpaka njia panda, halafu kwa miguu, na yeye akinipita alipunguza mwendo ili asinitimulie vumbi. Ustaarabu wake haukumtoka.

Jirani yangu sikuweza kumkabili siku nzima. Nilipogonga, alifungua, akanikaribisha kiti, akanipa maji. Nilimweleza yote. Alisikiliza, akavunja uzi kwa meno.

"Bon," akasema. "Nilikuuliza ile siku."

"Uliniuliza, mama."

"Hapana wewe, Mwalimu. Nilimuuliza yeye, ulikuwa mudomo yake tu." Lakini hakunitazama alipokuwa anasema hivyo, na maji yale sikuweza kuyamaliza.

Nikajiapiza kwamba yule binti atasoma, hata wengine wakinishinda. Nikazunguka shule za mjini nikiomba kama mtu anayetafuta chumba cha kupanga. Nikampata mwalimu mkuu mmoja mwenye huruma, akasema nafasi moja ipo, karatasi tutatafuta baadaye. Mama wa dirishani akaingiza jina la mtoto kwenye kompyuta. Akatazama. Akaniambia mtoto huyu ana shule.

"Ana jina tu, mama, haendi."

"Mtandao unasema ana shule. Mwenye shule amwachie kwanza, ndipo sisi tumpokee."

Hapo ndipo nilipoelewa nimefanyiwa nini. Mwaka uliopita mtoto hakuwa na shule. Sasa alikuwa nayo, na ndiyo iliyomzuia kusoma. Wa kumfungua alikuwa mtu mmoja tu duniani, na mtu huyo hakutaka.

"Nikimwachia mmoja, kesho watakuja wazazi wote wanataka uhamisho," Mem alisema. "Wilaya itaona vichwa vinamwagika, itarudi kuhesabu. Unajua atakayepoteza kazi ni nani. Mwisho wa mwaka nitamwachia. Naahidi."

Neno hilo alilitamka bila kupepesa macho.

Nilipanda Marshalltown kumtafuta yule afisa. Lifti ilikuwa imelala, nikapanda ngazi, nikamkuta. Alimkumbuka mtoto: yule mwenye Kiingereza kizuri. Alinihurumia kwa dhati, nadhani, kisha akasema uhamisho ni mamlaka ya mkuu wa shule, na kama nina malalamiko dhidi ya mkuu wangu niyapitishe kwa mkuu wangu.  Nilishuka ngazi nikijicheka kwa hasira, wachuuzi wa barabarani wakanipisha kama mwendawazimu.

Basi mwaka ukaenda hivi: mchana nilifundisha kuta mbili shuleni, jioni ukuta wa tatu kwenye meza ya kukatia ya jirani. Mama yake alizima cherehani tukianza, ingawa kazi zilikuwa zinamsubiri. Binti alikuwa ananiuliza wenzake wamefika wapi, nani amekaa kwenye kiti chake, kama mbwa wa shamba la waridi amezaa. Nilikuwa ninampa habari za darasa lake kama nampa habari za kwao. Yale maswali yalikuwa yananiumiza, lakini aliyafurahia majibu.

Daftari la mahudhurio nilimwandikia hayupo, hayupo, hayupo, mpaka Mem akalichukua kwenda kulitunza ofisini mwake, kunipunguzia kazi. Sikuliona tena.

Ukafika mtihani wa mwisho wa mwaka. Mem akanijia darasani, watoto wakiwa nje. Alama za yule binti zinatakiwa, maana jina lipo.

"Mpe za katikati," akasema. "Zisiwe za chini, watauliza kwa nini hasaidiwi. Zisiwe za juu."

Za juu nilijua kwa nini hazitaki. Vishule vyetu vina desturi moja nzuri: mwisho wa mwaka, mtoto wa kwanza wa kila darasa anapelekwa kwa basi kwenye ukumbi, anapewa kitabu mbele ya maafisa na kupigwa picha. Mtoto wa kwanza asiyeonekana shuleni angekuwa taabu.

Nilimwambia sitampa alama mtoto asiyefanya mtihani. Nilichukua karatasi zilizobaki, nikampeleka mtihani ule ule nyumbani kwake. Mama yake akaondoa vitambaa mezani na kutandika shuka safi, akaenda kukaa koridoni ili asimsumbue. Binti alivaa sare kwa ajili ya siku hiyo. Sketi ilikuwa imepanda juu ya magoti. Alifanya kila somo kwa saa yake, na hesabu alimaliza mapema akaomba za darasa la sita. Nilisahihisha mbele yake. Hesabu hakukosa hata moja. Nikampa karatasi zake azitunze, nikanakili alama zake kama zilivyo, nikamkabidhi Mem mkononi. Akazitazama muda mrefu.

"Ni mtoto mzuri," akasema.

"Ni mtoto wa kwanza," nikamjibu.

Siku ya kufunga shule, Mem alinipa bahasha: ripoti ya binti, na pamoja nayo barua ya uhamisho, ina muhuri. Alikuwa ametimiza. Nilipata hata aibu kidogo kwa maneno mabaya niliyokuwa nimemsema moyoni mwaka mzima, na nikamshukuru, na akanishika bega. Sikufungua kitu. Nilirudi mjini nimebana bahasha kifuani, nikapanda ghorofa moja kwa moja mpaka mlango wa jirani.

Mama alipiga kelele ya furaha alipoona muhuri. Shule ya mjini, mwezi ujao, kwa miguu! Akamwambia binti asome na ripoti, maana Kiingereza chake yeye ni cha sokoni. Binti akasimama katikati ya chumba kama kwenye mkutano wa asubuhi. Akaanza kusoma somo moja moja na kutafsiri. Kiingereza, wastani. Sayansi, wastani. Sauti yake ikapungua. Hesabu, alama za nusu, wastani.

Alirudia mstari ule kimoyomoyo, midomo ikicheza. Kisha akaenda chini ya meza ya kukatia, akatoa karatasi zake za mtihani, akazipanga mezani moja baada ya moja, akizipitia kwa kidole, swali kwa swali. Alichukua muda. Hakuwa na hasira hata kidogo. Alikuwa na wasiwasi tu, ule wa mtoto anayetaka kujirekebisha.

"Ticha," akaniuliza, "nilikosea wapi?"

Mama yake naye akaacha cherehani, akanitazama, akingoja jibu.